Nani Alikuwa Ukumbini? Shughuli za Maktaba ya Umma katika Historia ya Fasihi

Utangulizi

Katika kozi zetu za fasihi tumezoea maswali ya aina moja. "Mwandishi ni zao la jamii yake. Jadili." "Fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Jadili." Basi tunajadili, tunapata alama zetu, tunasonga mbele. Lakini kuna swali ambalo sijawahi kuliona kwenye karatasi ya mtihani, nalo ni hili: kabla kazi haijawa kitabu, watu waliisikilizia wapi? Nani aliwapa chumba, viti na taa? Na nani alizuiwa mlangoni?

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo kwa kuangalia kitu ambacho wahakiki hukipita bila hata kukitupia jicho, yaani karatasi ya shughuli zijazo inayobandikwa kwenye ubao wa maktaba ya umma. Jumamosi, saa ya hadithi kwa watoto. Katikati ya wiki, mhadhara. Mwisho wa mwezi, mchezo wa kuigiza, wote mnakaribishwa. Wengi wetu tukiiona karatasi ile tunaichukulia sawasawa na tangazo la mtu aliyepoteza kitambulisho. Mimi nadai kwamba karatasi ile ni sehemu ya historia ya fasihi, na kwamba mhakiki asiyeisoma ataandika historia yenye pengo.

Nitatumia mifano miwili: tawi la maktaba la Mtaa wa 135 huko Harlem, New York, na Maktaba ya McMillan iliyoko Nairobi. Sikuiokota mifano hii ovyo. Maktaba zote mbili ziliguswa na fedha zenye jina moja, jina la Carnegie, lakini milango yake ilifunguliwa kwa namna mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Kwa hiyo hapa hatuwezi kukimbilia lile jibu letu la siku zote kwamba tatizo ni fedha.

Harlem: jengo na majirani zake

Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma cha pua, aliahidi mwaka 1901 kulipa jiji la New York dola milioni 5.2 kwa ajili ya kujenga matawi ya maktaba. Mojawapo ya matawi hayo lilifunguliwa mwaka 1905 katika Mtaa wa 135, Harlem. Wakati ule wakazi wa eneo hilo walikuwa Wazungu, wengi wao Wayahudi. Haikupita miaka ishirini mtaa ukawa umebadilika. Weusi waliokuwa wakiukimbia ubaguzi wa majimbo ya Kusini walihamia huko kwa maelfu, wakachanganyika na wenzao waliotoka visiwa vya Karibi. Maktaba ilibaki na vitabu vilevile, rafu zilezile, lakini majirani wapya. Sasa ingefanya nini? Ingeweza kulalamika kwamba wasomaji wake wamehama. Taasisi ngapi tunazijua zilizofanya hivyo?

Mwaka 1920 Ernestine Rose, mwanamke wa Kizungu, aliteuliwa kuwa mkuu wa tawi hilo. Katika mwaka huohuo Catherine Latimer aliajiriwa, akawa mkutubi wa kwanza Mweusi katika Maktaba ya Umma ya New York. Kuanzia hapo maktaba ikaanza kuwaita majirani waje kwa shughuli mbalimbali, wasiishie kuazima vitabu tu. Mwaka 1921 yaliandaliwa maonyesho ya kazi za wasanii Weusi. Ikawepo mihadhara, miongoni mwa waliosimama mbele ya hadhira pale ni Hubert Harrison, mzaliwa wa kisiwa cha St. Croix, msemaji hodari ambaye alizoeleka zaidi akihutubia juu ya ngazi ya mbao kwenye kona za barabara. Fikiria maana ya jambo hilo: mhadhara wa barabarani unaingizwa ndani, unapewa kiti, unatangazwa ubaoni kwa tarehe na saa.

Langston Hughes alifika New York mwaka huohuo wa 1921, kijana wa miaka kama ishirini aliyekuja kusoma Chuo Kikuu cha Columbia. Alipanga chumba katika jengo la YMCA kwenye Mtaa wa 135, na katika kitabu chake cha maisha, The Big Sea cha mwaka 1940, ameieleza maktaba ile kuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo alipopatembelea Harlem. Columbia ilimchosha upesi, akaiacha baada ya mwaka mmoja. Harlem hakuiacha moyoni hadi kufa kwake mwaka 1967, na tangu mwaka 1991 majivu yake yamehifadhiwa chini ya sakafu ya ukumbi wa kuingilia wa Kituo cha Schomburg, kituo kilichozaliwa na tawi lilelile. Sisi hapa tunamsoma Hughes kama mshairi. Mlango alioingilia mjini ulikuwa wa maktaba ya mtaa, na hilo halitajwi.

Mwaka 1923 akaja Regina Anderson, mkutubi kijana. Huyu nitamtaja zaidi kuliko washairi, maana vitabu vingi vya historia ya fasihi vinamtaja katika nusu sentensi. Aliwatengea waandishi mahali pa kuandikia ndani ya maktaba. Nyumbani kwake, kwenye chumba alichopanga pamoja na wenzake wawili, waandishi walikutana usiku, wakasoma kazi zao, wakapata na mahali pa kulala. Alikuwa mmoja wa waliosaidia kuandaa ile karamu maarufu ya tarehe 21 Machi 1924 iliyoitishwa kwa ajili ya riwaya ya Jessie Fauset, karamu ambayo iliwakutanisha waandishi chipukizi Weusi na wahariri na wachapishaji wa New York. Wanahistoria wengi huihesabu jioni ile kuwa mwanzo rasmi wa Mwamko wa Harlem. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba vuguvugu hili liliibuka, tuulize: liliibuka lenyewe? Kuna mtu aliandika barua za mwaliko, akahesabu viti.

Hapana budi pia kumtaja Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, karani wa benki aliyetumia mshahara wake kukusanya vitabu, hati na picha kuhusu watu Weusi duniani kote. Mwaka 1925 tawi lilifungua idara maalumu ya fasihi na historia ya watu Weusi, na mwaka 1926 Shirika la Carnegie lilitoa dola 10,000 ili mkusanyo wa Schomburg ununuliwe na kuwekwa pale. Ulikuwa na vitabu zaidi ya 5,000. Schomburg mwenyewe alikuja kuwa msimamizi wake kuanzia mwaka 1932 hadi alipofariki mwaka 1938. Angalieni mfuatano huo: watu walianza kukusanyika kwanza, halafu vitabu vikawafuata.

Saa ya hadithi: fasihi simulizi inaingia maktabani

Kwetu sisi tunaosoma fasihi simulizi, mfano mtamu kuliko yote ni wa Pura Belpré. Naye alitoka Puerto Rico, akaajiriwa katika tawi la Mtaa wa 135 mwaka 1921. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwasimulia watoto hadithi. Alipotazama rafuni hakukuta hata hadithi moja ya kwao. Ngano alizotambiwa na bibi yake utotoni hazikuwamo katika kitabu chochote cha maktaba. Na utaratibu wa saa ya hadithi katika maktaba ile ulikuwa kwamba mtambaji asimulie hadithi zilizochapishwa.

Hapa ndipo penye fundo. Utaratibu kama huo ukifuatwa, basi mtoto ambaye hadithi za kwao hazijachapishwa atakaa pale kila Jumamosi akisikiliza za wenzake. Belpré aliomba ruhusa asimulie ngano ambazo hazijachapishwa, akapewa. Akawasimulia watoto habari za mende mrembo aitwaye Martina na panya Pérez aliyekuja kumposa, akitumia vikaragosi alivyovitengeneza kwa mikono yake. Mwaka 1932 hadithi ile ikatoka kama kitabu, Perez and Martina. Mwaka 1929 alikuwa amehamishiwa tawi la Mtaa wa 115, penye Wapuertoriko wengi, na huko saa ya hadithi ikawa kwa Kihispania na kwa Kiingereza. Wazazi ambao hawakuwahi kufikiri kwamba jengo lile ni lao wakaanza kuja, wakiwa wameshika watoto mikono.

Walimu wetu wanatufundisha kwamba fasihi simulizi ina fanani na hadhira ana kwa ana, na kwamba ikiandikwa inapoteza uhai. Sipingani nao. Ila mfano wa Belpré unatuonyesha hatua ambayo nadharia inairuka. Kati ya bibi anayetamba barazani na kitabu kilichochapwa kiwandani palikuwa na chumba cha maktaba, saa maalumu na hadhira ya watoto waliocheka mahali fulani na kunyamaza mahali fulani. Kitabu kilitungwa mbele ya hadhira ile kabla hakijaandikwa. Mhakiki akianza uchambuzi wake kwenye jalada, amechelewa sana.

Chini ya ardhi: tamthilia na ugomvi wa fedha

Jengo la Mtaa wa 135 lilikuwa na chumba chini ya ardhi. Mwaka 1926 chumba hicho kikawa ukumbi wa kundi la Krigwa, lililoanzishwa na W.E.B. Du Bois, mhariri wa gazeti la The Crisis, akisaidiwa na Regina Anderson. Du Bois aliweka masharti manne kwa tamthilia ya watu Weusi: iwahusu wao, iandikwe nao, iwalenge wao, na ichezwe karibu na wanapoishi. Masharti matatu ya mwanzo tunayafahamu vizuri. Ndiyo hayo tunayoyarudia tunapojadili fasihi ya Kiafrika ni ipi. Lile la nne huwa tunalisahau, kwa sababu linahusu nauli na umbali wa kutembea kwa miguu. Lakini tusidanganyane. Ukichukua tamthilia inayowahusu wafanyakazi wa nyumbani ukaionyesha mahali ambapo mfanyakazi wa nyumbani hawezi kufika akarudi kabla ya giza, hadhira yako ni nani? Maktaba ya mtaani ndiyo iliyolifanya sharti la nne liwezekane.

Nisije nikawapaka mafuta watu wa Krigwa kwa mgongo wa chupa. Mwaka 1927 walipeleka mashindanoni mchezo wa Fool's Errand wa Eulalie Spence, ukapata tuzo ya dola 200. Du Bois akazichukua fedha zile kulipia gharama za maandalizi. Mwandishi hakupata kitu, waigizaji hawakupata kitu, na kundi likasambaratika. Yeyote aliyewahi kuwa katika kikundi cha maigizo cha wanafunzi ataitambua habari hii bila kuhitaji tafsiri. Spence na Du Bois walikuwa wakitofautiana pia kuhusu dhima ya sanaa: Du Bois aliitaka itumike kupigania haki, Spence alitaka kuandika vichekesho vya maisha ya watu wa kawaida. Ni mjadala uleule wa sanaa kwa ajili ya sanaa na sanaa kwa ajili ya jamii unaotukesha mabwenini. Wao waliufanya juu ya bahasha ya fedha.

Kundi lilikufa, ukumbi ukabaki. Hilo ndilo ninalotaka tulione. Mwaka 1940 Abram Hill na Frederick O'Neal walianzisha American Negro Theatre, na makao yake yakawa chumba kilekile cha chini ya ardhi. Mwaka 1944 walionyesha pale Anna Lucasta. Tamthilia hiyo iliandikwa na Philip Yordan kuhusu familia yenye asili ya Poland, nao wakaigeuza iwe ya familia ya Weusi. Miezi michache baadaye ilihamia Broadway, ikachezwa mara 957. Sidney Poitier na Harry Belafonte ni miongoni mwa waliopata mafunzo katika kundi hilo. Sitasema kwamba mwisho ulikuwa mwema. Mafanikio ya Broadway yaliwachukua waigizaji, faida ndogo sana ikarudi Harlem, na kundi likadhoofika kabla miaka ya 1940 haijaisha. Lakini hebu tujiulize: ni vyuo vingapi vya sanaa vinavyoweza kudai hata nusu ya matunda ya chumba kimoja cha chini ya maktaba?

Nairobi: simba wawili mlangoni

Sasa tuvuke bahari. William Northrup McMillan alikuwa Mmarekani wa kutoka St. Louis aliyekuja kuwa mlowezi mkubwa nchini Kenya. Alifariki mwaka 1925. Mjane wake, Lucie, akajenga maktaba katikati ya Nairobi kwa kumbukumbu yake, ikafunguliwa mwaka 1931, na Shirika la Carnegie nalo likachangia. Jengo ni zuri, lina nguzo kubwa za mawe mbele na sanamu za simba wawili wanaolinda ngazi. Mwaka 1938 ikatungwa sheria maalumu kwa ajili yake. Na hadi mwaka 1958 jengo lile lilikuwa la Wazungu peke yao.

Tuhesabu. Kutoka 1931 hadi 1958 ni miaka 27. Katika miaka hiyohiyo, kule Harlem, Belpré alichapisha kitabu chake, Schomburg alisimamia mkusanyo wake, Aaron Douglas alichora mwaka 1934 michoro mikubwa ya historia ya watu Weusi kwa ajili ya tawi la Mtaa wa 135, na tamthilia ya chini ya ardhi ikafika Broadway. Jina la mfadhili ni moja. Pale Nairobi, Mwafrika aliyekuwa na hadithi ya kusimulia hakuwa na ruhusa hata ya kukaa kusoma.

Mwaka 1938, mwaka uleule wa sheria ya McMillan, Jomo Kenyatta alichapisha Facing Mount Kenya. Aliiandika London, alikokuwa akisoma anthropolojia, na humo ndani kuna ngano, desturi na mafunzo ya jando ya Wagikuyu, mambo ambayo leo yanatajwa katika kozi za fasihi simulizi. Kitabu kuhusu watu wanaoishi mwendo mfupi kutoka Nairobi kiliandikiwa Ulaya, na kama nakala yake ingeletwa McMillan, mwandishi asingeruhusiwa kuketi mezani kuisoma. Hapo ndipo ninapoona kwamba ule msemo wa "mwandishi ni zao la jamii yake" unahitaji kuongezewa kitu. Mwandishi ni zao la vyumba alivyoruhusiwa kuingia pia.

Haina maana kwamba Waafrika wa Nairobi walikaa kimya wakisubiri simba waondoke ngazini. Mwaka 1945 Henry Muoria alianzisha gazeti la Mumenyereri kwa Kigikuyu. Katika mitaa ya mashariki ya jiji, kama Kaloleni, ukumbi wa jumuiya ulikuwa mahali pa mikutano na siasa. Maneno yalikuwepo tele. Kilichokosekana ni mahali pa umma ambapo maneno hayo yangekutana na rafu ya vitabu, na mtoto akayasikia Jumamosi asubuhi bila kuonekana anafanya siasa.

Mwaka 1962 Halmashauri ya Jiji la Nairobi iliichukua McMillan, na baadaye matawi yakawa katika mitaa ya mashariki, Kaloleni na Makadara. Mlango ulikuwa umefunguliwa kisheria. Lakini mlango wa kisheria na mlango wa mazoea ni vitu viwili. Majengo yalichakaa, vitabu vikazeeka rafuni. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange, mwandishi wa riwaya, na Angela Wachuka, mchapishaji, waliunda asasi ya Book Bunk, na mwaka 2018 wakaingia makubaliano na serikali ya kaunti ya kuzikarabati maktaba hizi tatu. Walianza na matawi ya Kaloleni na Makadara kabla ya jengo kubwa la mjini. Nao hawakuishia kupaka rangi na kuziba paa. Walileta saa za hadithi, filamu, warsha, mijadala ya vitabu na tamasha la fasihi. Naona jambo hapa ambalo wahakiki tungelipa uzito: mwandishi wa riwaya na mchapishaji, watu wa kalamu, waliamua kwamba kazi ya fasihi iliyokuwa ikihitajika zaidi mjini kwao ni kuweka tena karatasi ubaoni.

Hoja za upande wa pili

Najua nitapingwa, na wengine tayari wameshika kalamu. Hoja ya kwanza: maktaba ni mahali pa kusoma kimya, ngoma na maigizo vina mahali pake. Naam, msomaji anahitaji utulivu, hasa wiki ya mitihani. Lakini jengo la Harlem lilikuwa na ghorofa zaidi ya moja na siku saba katika wiki, sawa na majengo yetu. Utulivu na sauti vinaweza kupangiwa zamu. Anayesema haiwezekani, aghalabu ana maana kwamba hataki kupanga.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: je, ukumbi wa kupewa na tajiri si mtego? Fedha za Carnegie zilitoka katika jasho la wafanyakazi wa viwanda vyake, na mkuu wa tawi la Harlem alikuwa Mzungu kwa zaidi ya miaka ishirini. Kweli kabisa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mlango wa Harlem haukufunguliwa na fedha. Regina Anderson alinyimwa kupandishwa cheo, ikabidi Du Bois aingilie kati kwa barua, na ni mwaka 1938 tu alipokuwa Mweusi wa kwanza kuongoza tawi la maktaba hiyo, lile la Mtaa wa 115. Mlango ulifunguliwa na watu wa aina yake, waliosukuma kutoka ndani, na majirani waliosukuma kutoka nje. Nairobi ilipata fedha ikakosa watu wa kusukuma kutoka ndani, kwa sababu wenyewe walizuiwa kuingia. Basi.

Hoja ya tatu: kipaji hakihitaji ubao wa matangazo. Shaaban Robert hakungoja ukumbi. Ni sawa. Lakini hoja hii inahesabu walioshinda tu. Waliokata tamaa hawana diwani tunayoweza kuihakiki, na kwa hiyo hatuwahesabu.

Na kwetu je?

Juni 1962 ulifanyika Makerere mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Langston Hughes, kijana yule wa maktaba ya Mtaa wa 135, alikuwapo, sasa akiwa mzee wa miaka sitini. Shaaban Robert hakuwamo, na sababu yake Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza miaka mingi baadaye: jina la mkutano lenyewe lilimfungia nje aandikaye kwa Kiswahili. Mwezi uleule Shaaban Robert alifariki. Mmarekani aliingia, jirani akabaki nje. Karatasi ya mwaliko ina nguvu hiyo.

Miaka mitano baadaye, tarehe 9 Desemba 1967, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, chini ya huduma iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963. Siku iliyochaguliwa ni ya kuadhimisha Uhuru, maana yake maktaba ilihesabiwa kuwa sehemu ya uhuru wenyewe. Hilo ni jambo la kujivunia. Ila kujivunia hakutoshi. Nimewahi kuingia katika maktaba moja ya umma, sitaitaja, nikasoma ubao wake wote. Nilihesabu makatazo tisa, kuanzia usile hadi usizungumze. Mwaliko hata mmoja hapakuwa.

Hitimisho

Katika makala hii nimejaribu kuonyesha kwamba shughuli za maktaba si pambo. Ndimo fasihi simulizi inamopata njia ya kuingia kitabuni, ndimo tamthilia inamopata hadhira iliyo jirani, na ndimo mkutubi asiyeandika hata shairi moja anamogeuka kuwa mjenzi wa vuguvugu zima la fasihi. Nimeonyesha pia kwamba jengo na fedha peke yake havifanyi hayo.

Sasa pendekezo langu kwa wenzangu wa idara, na kwa walimu wetu wakikubali. Tunapoandika tasnifu, tuache kuchambua riwaya zilezile tatu kila mwaka. Mmoja wetu aende maktaba ya mkoa aliotoka, aulize karatasi zilizong'olewa ubaoni zinawekwa wapi. Aandike tarehe, nani alialikwa, kwa lugha gani, watoto walikuja au hawakuja. Awahoji wakutubi wastaafu wangali hai, maana wao wanakumbuka nani alighani shairi lake kwa mara ya kwanza mbele ya watu kumi na mmoja na kiti kimoja kilichovunjika. Karatasi hizo huchomwa pamoja na takataka kila mwisho wa mwaka. Na kama ukifika ukakuta ubao ni mtupu, usirudi mikono mitupu. Omba saa moja ya Jumamosi, tafuta hadithi, bandika tangazo.